Sarafu za rangi mbili sio dili la mamilioni, ni hobi ya watu wa kawaida

Ndugu Mhariri,

Shikamooni wakubwa, wengine habari za saa hizi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua kuna jambo hapa Dodoma limeshakuwa kero. Kuna ile sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, jamaa anaongea kwa kujiamini kweli, anasema kuna Wazungu wanatafuta sarafu za rangi mbili, zile zenye njano katikati na nyeupe pembeni au kinyume chake, na kwamba ukiwa nayo moja tu basi umetoka kimaisha, milioni kumi na tano, milioni ishirini, piga namba hii haraka. Tangu hiyo sauti ianze kuzunguka mimi sina raha, maana maeneo ya huku Nanenane watu wengi wanajua nakusanya sarafu, nina kibanda cha uwakala na vocha karibu na stendi, basi wanaleta. Wengine wanatoka mbali.

Juzi kati alikuja mama mmoja kutoka Bahi, kaja na gari la asubuhi, kafungua pindo la kitenge katoa sarafu moja kaiweka kwenye kaunta taratibu. Nikamsalimia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, nasikia hii ni milioni kumi na tano. Nikaiangalia, shilingi kumi ya Kenya, mwaka 1997, imechakaa mpaka sura ya mzee Moi imekuwa laini. Nikamwambia mama hii ukiwa Nairobi unaitumia tu dukani, kwa pesa yetu haifiki mbali, kama mia mbili hivi. Alinyamaza, halafu akaniuliza sasa ile elfu thelathini niliyotuma ya vipimo watanirudishia? Hapo ndipo ilipo ishu yenyewe Mhariri. Hawa jamaa hawanunui sarafu yoyote, wanachotaka ni hiyo elfu thelathini ya vipimo, au ya usajili, au ya "cheti cha mnada", ukishatuma wanakupa namba nyingine uongeze elfu hamsini ya usafiri wa mnunuzi anayetoka Ulaya, mnunuzi haji, simu inazimwa. Ni mtoto wa yule yule aliyekuwa anawadanganya wazee wetu na mambo ya rupia na mali za Wajerumani zilizofukiwa, kabadilisha nguo tu.

Sasa nataka niseme hizi sarafu ni nini hasa, maana watu wakijua kitu kilivyo hawawezi kudanganywa kirahisi, na pia naona dhambi hobi nzuri kama hii ichafuliwe na matapeli.

Sarafu ya rangi mbili kwa lugha ya wakusanyaji ni sarafu ya metali mbili. Kiwandani wanaanza na vipande viwili tofauti, kuna pete, yaani kisahani kilichotobolewa katikati, halafu kuna kitufe cha kuziba lile tundu, na hicho kitufe pembeni mwake kimechongwa mfereji mwembamba. Vinawekwa pamoja vikiwa vimelegea tu, mashine inagonga kwa nguvu ya ajabu, picha zinatokea pande zote na papo hapo chuma cha pete kinabanwa kinaingia kwenye ule mfereji kinashika. Hakuna gundi wala kuchomelea. Waitaliano ndio walioifanya hii kazi kwa sarafu ya matumizi ya kila siku, lire 500 ya mwaka 1982, katikati rangi ya shaba, pembeni chuma kisichoshika kutu, na ikawa na nukta za maandishi ya wasioona juu yake. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko hapo, Waingereza mwaka 1684 walikuwa na vijisarafu vya bati wakavichomeka kipande cha shaba katikati ili waghushi wapate shida, na Wamarekani 1792 walijaribu senti ya shaba yenye kipande cha fedha katikati ili iwe na thamani yake bila kuwa likubwa la kubeba kwa mikono miwili. Ila hizo ni za makumbusho. Zinazotembea mifukoni zimeanza na Italia, wakafuata Morocco 1987 na dirham 5, mwaka unaofuata Ufaransa na faranga 10 na Thailand na baht 10, baada ya hapo dunia nzima ikaamka.

Sababu ya kuamka ni feki. Kuunganisha metali mbili bila kiwanda cha maana ni mtihani, na mashine za kuuzia vitu huko kwao, zile za kutumbukiza sarafu unapata soda au tiketi, zinapima jinsi umeme unavyopita kwenye chuma, kwa hiyo metali mbili zinakuwa na alama yake ambayo kipande cha bati hakiwezi kuiga. Afrika Kusini walibadilisha randi 5 kuwa ya rangi mbili mwaka 2004 kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inaghushiwa hovyo. Uingereza nao pauni moja ya duara ilifika mahali inakadiriwa karibu moja kwenye kila 30 ni feki, wakaleta ya pembe 12 yenye rangi mbili Machi 2017, na ilipofika Oktoba mwaka huo huo ile ya duara haipokelewi tena dukani. Kwa hiyo ndugu zangu mkiletewa pauni ya duara mjue hiyo dukani haitumiki, ni ya albamu.

Kwa mtu ambaye hajawahi kuishika, chukua mfano wa euro 2. Ukiiweka chini ya kamera ya simu ukavuta karibu, kwenye pete nyeupe utaona nyota kumi na mbili zimezunguka, na pale njano inapokutana na nyeupe kuna mstari mwembamba kabisa, kwenye sarafu nzima huo mstari uko sawasawa pande zote, kwenye feki nyingi utaona pengo sehemu moja au rangi imepakwa tu ikavuka mpaka. Sasa igeuze uiangalie ubavuni. Kuna maandishi yamechongwa kwenye ule unene wake, na nchi nyingi zina yake, ya Ujerumani ina maneno ya umoja, haki na uhuru kwa Kijerumani, ya Uholanzi inasema Mungu awe nasi kwa lugha yao. Halafu hiyo ya Ujerumani ina kaherufi kadogo, A au D au F au G au J, hizo ni karakana tano tofauti, Berlin, Munich, Stuttgart, Karlsruhe na Hamburg, mkusanyaji wa kweli anataka zote tano za kila mwaka na hapo ndipo mtu anapochanganyikiwa akili kwa furaha. Mke wangu huwa anapita nyuma yangu na ile tochi ya simu imewaka anasema tu haya, leo Hamburg au Berlin.

Mnaweza kuuliza euro Dodoma nazipata wapi. Kondoa. Wageni wanaokwenda kuangalia michoro ya mapangoni kule Kolo, ile iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006, wakimaliza kutembezwa wanatoa bakshishi, na wengine wanatoa chenji iliyobaki mfukoni kutoka kwao. Kijana anaondoka na euro 2 mbili tatu, anafurahi, akifika mjini kwenye duka la kubadilishia fedha anaambiwa hapa tunachukua noti tu, sarafu hatupokei. Ni kweli ndivyo ilivyo karibu kila mahali, sarafu za kigeni hazina soko la kubadilisha kwa sababu kuzirudisha huko zilikotoka ni gharama. Kwa hiyo kijana ana kitu kinachozidi elfu tano za kwetu lakini hakinunui hata andazi. Mimi nazichukua kwa bei inayokaribiana na thamani yake, yeye anapata hela yake, mimi napata sarafu, na nyingine nazituma kwa mtu Ulaya ambaye kwake ni pesa ya kawaida, ananipa ninachokosa. Huo ndio mzunguko wote. Milioni haipo hapo katikati.

Na stendi nayo inaleta vyake. Abiria wa kutoka Nairobi wana kumi na ishirini za Kenya, wa Kigali wana faranga 100 ya Rwanda, ambayo nayo ni ya rangi mbili tangu 2007, madereva wa malori ya kusini wanakuja na kwacha za Malawi na metikali 10 ya Msumbiji. Ukikaa na hizo kwenye meza unagundua kitu, majirani zetu wengi wameshafanya hii sarafu na sisi bado. Kenya wameanza 1994 na ile ya kumi, ikafuata ya tano halafu ishirini mwaka 1998, na mwaka 2003 wakatoa ya shilingi 40 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru ikiwa na sura ya Kibaki, hiyo watoto wa Dodoma wakiiona wanadhani nimeitengeneza mwenyewe maana nani aliwahi kusikia sarafu ya arobaini. Kisha katiba yao ya 2010 ikakataza sura ya mtu kwenye fedha, ndio maana za 2018 zina wanyama, tano ina kifaru, kumi ina simba, ishirini ina tembo.

Wanyama wenyewe ni mlango mzuri wa kuingilia kama huna pa kuanzia. Kuna watu wanakusanya wanyama tu, hawana habari na mengine. Canada mwaka 1996 waliweka dubu mweupe kwenye dola 2 yao, na zile za mwanzo zilikuwa na kasoro, kitufe cha katikati kikawa kinachomoka watu wanabaki na pete mkononi. Zimbabwe dola 5 ya 2001 ina kifaru. Ninayoipenda mimi kuliko zote ni ya Botswana, pula 5, wameweka kiwavi. Ndio, kiwavi wa mti wa mopane, yule anayeliwa, wamemweka kwenye sarafu yao kubwa bila aibu yoyote. Nikiwaonyesha wazee wa huku wanacheka wanasema basi na sisi tuwekewe mlenda.

Nyingine ina kichekesho ambacho mwalimu wa hesabu au fizikia akikisikia ataipenda. Uingereza ile pauni 2 yao iliyoingia mtaani 1998 ilichorwa na mwalimu wa sanaa, anaitwa Bruce Rushin, alichora duara ndani ya duara kuonyesha maendeleo ya teknolojia tangu enzi za chuma mpaka intaneti, na moja ya hayo maduara ni gia zilizoshikana mnyororo mzima kuzunguka sarafu. Watu wakahesabu, gia 19. Mtu yeyote aliyefungua gia boksi anajua gia mbili zinazogusana zinazunguka kinyume, kwa hiyo kwenye duara lililofungwa lazima idadi iwe shufwa, zikiwa 19 hazizunguki, zinajikaba. Fundi mmoja wa bodaboda hapa jirani nilimpa aangalie, wala sikumwambia kitu, akazungusha kidole halafu akasema hii mashine imekufa bana.

Kuhusu bei sasa, maana najua wengi mmesubiri hapa. Sarafu ya rangi mbili iliyotoka mfukoni mwa mtu, imetumika, thamani yake kwa kawaida ni ile iliyoandikwa juu yake au kidogo zaidi ya hapo, na kama nchi imeshaifuta basi ni bei ya mtu anayeitaka kwa albamu, mara nyingi haizidi soda. Faranga 10 ya Ufaransa na lire 500 ya Italia hazibadilishwi benki popote tena, muda wake ulishapita. Hizi zimegongwa kwa mamilioni mengi, kitu kilicho kingi hakiwi ghali hata kiwe kizuri namna gani. Zipo za bei mbaya, siwezi kudanganya. Monaco mwaka 2007 walitoa euro 2 yenye sura ya Grace Kelly, vipande 20,001 tu, hiyo inauzwa maelfu ya euro. Lakini hiyo ilitolewa kwenye kiboksi chake na walioipata wanajua walichonacho, haijaja kudondoka Manyoni kwenye basi. Randi 5 ya Mandela ya 2008, ya kutimiza kwake miaka 90, ndio kila mtu ananitumia picha, jamani ile ni sarafu ya kawaida kabisa ya kununulia mkate, kuna watu mtandaoni wanaiandikia bei za kichaa lakini kuandika bei sio kuuza. Ukitaka kujua bei ya kweli angalia zilizokwisha kuuzwa, usiangalie zinazoombewa.

Kama mtu wa mkoa huu anataka ndoto ya sarafu ghali basi aache hizi za rangi mbili aisome ya Tabora. Mwaka 1916, vita imewabana Wajerumani, meli hazifiki, fedha zimeisha, wakagonga sarafu zao wenyewe kwenye karakana ya reli pale Tabora, reli hii hii ya kati. Walitengeneza rupia 15 ya dhahabu yenye tembo na mlima nyuma yake, na dhahabu yake ilitoka Sekenke, hapo Iramba, Singida. Zaidi kidogo ya vipande 16,000 tu, kisha Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora mchezo ukaisha. Walipiga pia sarafu za hela 20 (heller, pesa ndogo ya Wajerumani wakati ule), nyingine za shaba nyekundu nyingine za shaba njano, kwa kuokoteza chuma chochote kilichokuwepo. Hiyo ya dhahabu minadani huko nje inafika maelfu ya dola, na sisi wenye dhahabu yake wengi hatujawahi hata kuisikia. Ila hata hiyo, mtu akikwambia utume hela ya vipimo kwanza, kata simu.

Sasa hobi yenyewe inaendaje kwa mtu wa kipato cha chini. Watu wanafikiri lazima uwe na dola. Huhitaji. Mtaji wako ni sarafu za Tanzania, ambazo hapa tunazidharau. Nina jamaa nabadilishana naye yuko Poland, kwao zloti 2 na zloti 5 ni za rangi mbili, kwake ni za kununulia sambusa kama wanazo, yeye shida yake ni jero letu la nyati, mia mbili yenye simba, hamsini ya kifaru, na akiona zile senti za zamani tulizozikuta kwa bibi, senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura, anaandika meseji ndefu utadhani kaposwa. Mnapiga picha pande zote mbili, mnakubaliana kipande kwa kipande, mgeni kwenye mchezo anatuma kwanza, mwenye sifa nzuri anatuma baadaye. Sarafu zinabandikwa kwenye kadi ngumu zisigongane, maana bahasha inayolia inamwita kila mwenye tamaa njiani. Na msiziweke kwenye barua ya kawaida, taratibu za posta za kimataifa hazikubali sarafu kwenye barua isiyo na kumbukumbu, tuma kwa rejista, na muulize kwanza dirishani nchi unayotuma inapokea au haipokei kwa sababu hawafanani. Gharama ya rejista ndio inauma, kwa hiyo tunakusanya nyingi tunatuma mara moja moja, uvumilivu mwingi.

Halafu tafadhali, tafadhali, msizioshe. Kila wiki naletewa sarafu imesuguliwa kwa jivu na ndimu au dawa ya meno, inang'aa, mwenye nayo anajisifu, kumbe kaiua. Mkusanyaji anataka ngozi yake ya asili hata kama imefifia, ile mikwaruzo ya steel waya inaonekana kwenye kamera kama barabara za vumbi na bei inashuka palepale. Vumbi litoe kwa maji na sabuni laini, kausha kwa kitambaa bila kusugua, basi. Na usizihifadhi kwenye plastiki laini ile yenye harufu ya mpira mpya, baada ya muda inatoa ute wa kijani unakula shaba. Vikadi vyenye kidirisha ndio vizuri, ukikosa tengeneza bahasha ndogo za karatasi, andika nchi na mwaka juu, weka kwenye kiboksi cha viatu, joto letu la Dodoma kavu hivi linatusaidia kuliko wenzetu wa Tanga na Pwani ambao unyevu unawatafuna.

Nilitaka niishie hapo lakini wacha nimalizie na ombi kwa Benki Kuu, na kama gazeti linawafikia basi wasome. Mwaka 2014 mlituletea jero la sarafu kwa sababu noti ya mia tano ilikuwa inachakaa upesi, na maelezo yalikuwa ya maana. Sasa angalieni buku. Mimi nakaa na pesa kutwa nzima, noti ya elfu moja ninayopokea kutoka sokoni Majengo au kwa kondakta imeshalowa, imekunjwa mara nne, imebandikwa selotepu, nyingine inanuka dagaa, mteja mwingine anaikataa tunaanza kubishana. Siku buku likija kuwa sarafu naomba liwe la rangi mbili. Kwanza feki zitapungua, pili usiku kwenye daladala mtu hawezi kuchanganya na jero hata kama taa imekufa. Na mkiweka zile nukta za wasioona kama walivyofanya Waitaliano 1982 na kama Thailand walivyofanya kwenye baht 10 yao mtakuwa mmemfikiria mtu ambaye kila siku anategemea uaminifu wa muuzaji, pale Buigiri tuna shule ya wasioona, waiteni wale wanafunzi waijaribu kwa vidole kabla haijaenda kiwandani.

Najua kuna watakaosema ni gharama. Ni kweli kuigonga ni ghali kuliko kuchapa karatasi, ila inakaa miaka mingi mno mtaani. Shida kubwa zaidi ninayoiona ni kuchelewa. Nigeria walitoa naira 1 na naira 2 za rangi mbili mwaka 2007, nzuri kabisa, nina zote mbili hazina hata mkwaruzo, na unajua kwa nini hazina mkwaruzo, kwa sababu watu hawakuzitumia, thamani ilikuwa ndogo mno hakuna cha kununua. Tukingoja mpaka buku liwe halinunui chapati mbili ndipo tuligeuze sarafu tutakuwa tumetengeneza vitu vya albamu yangu. Na pia mkitoa, toeni elimu mpaka vijijini, India rupia 10 ya rangi mbili ilitoka kwa michoro mingi tofauti, wenye maduka wakaanza kuikataa wakidhani nusu yake ni feki, mpaka Benki Kuu yao mwaka 2018 ikatoa tangazo kwamba michoro yote 14 ni halali. Huku kwetu uvumi unavyokimbia, na hizi sauti za WhatsApp, msipowahi nyinyi matapeli watawahi.

Wenye sarafu za rangi mbili ndani wasitume hela kwa mtu yeyote. Leteni niangalie bure, kibanda kiko upande wa wanaposhuka abiria wa Singida, njooni baada ya saa kumi jioni kwa sababu mchana foleni ya miamala ni kubwa siwezi kuacha wateja. Na kama mtu ana dola 2 ya Canada yenye pete nyeusi, ile ya kumkumbuka Malkia Elizabeth iliyotoka mwishoni mwa 2022, tuongee vizuri, hiyo natoa simba, nyati, kifaru na mbuni kwa pamoja.

Wenu,
Msomaji wa siku zote,
Nanenane, Dodoma